Shahada Moja Haiwi Mbili

Vaileth alikuwa akimenya ndizi jikoni kwake Segerea aliposikia mumewe akicheka na simu sebuleni.

"Mama Praygod!" Godlisten akaita. "Njoo usikie! Dogo Brightson wamempa idara!"

Kisu kikasimama. "Idara gani?"

"Si hiyo yenu ya Historia! Jumatano kwenye kikao anatangazwa rasmi. Nyumba moja, wakubwa wawili. Mungu atupe nini tena?"

Wakubwa wawili! Vaileth hakuwa mkubwa wa chochote. Alikuwa kaimu. Kwa miaka mingi aliiendesha idara ya Historia katika chuo kimoja cha ualimu cha binafsi kule Mabibo, akapanga ratiba, akasimamia mitihani, akagombana na uongozi wakufunzi wenzake wasipunguziwe vipindi. Kila alipouliza ukaimu utakwisha lini, mkuu wa chuo, Bwana Projestus, alimjibu kwamba kanuni ni kanuni: cheo kile kinataka mtu mwenye shahada ya uzamili.

Akaenda kuitafuta. Alisoma jioni baada ya kazi, akiwa na mimba ya Praygod. Alizunguka Makambako akiwahoji wazee waliojenga reli ya Tazara, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Tasnifu ikarudishwa, akaiandika upya. Ikarudishwa tena, akaiandika tena. Siku ya kuitetea alisimama mbele ya maprofesa huku maziwa yakimlowesha blauzi. Alipohitimu alimpelekea Bwana Projestus habari, naye akamwambia asubiri.

Kumbe aliyekuwa akisubiriwa ni shemeji yake.

Brightson aliondoka nchini na cheti cha kidato cha sita. Ukoo mzima ulimsindikiza uwanja wa ndege, na Vaileth ndiye aliyemfungia maandazi ya njiani. Alikaa Uskoti miaka minne, akarudi na shahada yenye herufi M.A. Hapa kwetu anayeziona herufi hizo anajua moja tu: huyu alikuwa na shahada ya kwanza, akaongeza ya pili. Lakini katika vyuo vya kale vya Uskoti hilo ndilo jina la shahada ya kwanza kwa wanaosoma masomo kama historia. Wameiita hivyo kwa karne nyingi na hawamdanganyi mtu. Kila nchi na majina yake. Kosa ni la anayeijua tofauti hiyo, akaona inamletea kiti, akafunga mdomo.

Jumapili Brightson alikuja kula, kama ilivyokuwa desturi yake baada ya ibada.

"Shikamoo, shemeji."

Vaileth hakuitikia. Tangu aolewe katika ukoo ule hakuwahi kuinyima shikamoo ya mtu marahaba, lakini siku hiyo ilibaki ikining'inia hewani mpaka Godlisten akaacha kutafuna.

"Brightson," Vaileth akasema, "uzamili wako uliusomea wapi?"

Kijana akatazama sahani. "Shemeji, mie sikusema uongo. Siku ile ya sherehe ya kunipokea, nilipoona bango alilotundika braza limeandikwa uzamili, nilimwambia hii ni ya kwanza. Muulize. Akacheka, akasema niache unyenyekevu."

"Ni kweli alisema," Godlisten akadakia. "Nami nikajua anajishusha tu. Sasa ishu iko wapi? Karatasi yenyewe si imeandikwa M.A.?"

"Ishu ni kwamba ulisema mara moja, kwa sauti ya mbu," Vaileth akamwambia Brightson, "lakini cheo umekipokea kwa mikono miwili! Projestus alipokupongeza, ulimwambia?"

Brightson akajimiminia maji.

"Jumatano utamwambia?"

"Shemeji, nimekaa mwaka mzima bila kazi..."

"Na mimi nimekaa miaka mingapi bila cheo?"

Godlisten akasukuma sahani. "Mama Praygod, huyu ni damu yangu. Usimwaibishe mbele za watu. Mama kule Machame ameshatangaza kanisani."

"Basi atangaze tena."

Maneno hayo yalimgharimu. Siku zilizofuata mumewe alimsemesha kupitia mtoto: mwambie mama yako hiki, mwambie mama yako kile. Walionyang'anya haki walilala usingizi, na aliyenyang'anywa ndiye aliyeitwa mchawi wa familia. Ndiyo tabia yetu hiyo. Mwizi wa kuku tunampiga mawe, mwizi wa elimu tunamtundikia bango.

Jumatano wakufunzi walijaa kwenye chumba cha mikutano. Bwana Projestus aliisifu Ulaya kwa kirefu, akampamba Brightson, kisha akamwomba kaimu akabidhi funguo za ofisi.

Vaileth akasimama, funguo mkononi.

"Kabla sijakabidhi, nina swali moja kwa Mwalimu Brightson. Shahada yako ya kwanza uliichukua wapi?"

Bwana Projestus akatabasamu kama mtu anayengoja jibu tamu. Brightson alimtazama Vaileth, akatazama dirishani, akarudi kumtazama.

"Ni hiyohiyo," akasema polepole. "Sina nyingine. Kule ya kwanza ndiyo wanaiita hivyo."

Tabasamu likakwama. Bwana Projestus akajikohoza. "Ah, mwalimu, usijidharau! Ya Ulaya hiyo. Moja yao ni mbili zetu."

Baadhi wakacheka. Mzee Mwinshehe, mkufunzi wa Jiografia, hakucheka.

"Mkuu, nami nina mjukuu anasoma chekechea kwa Waingereza. Akirudi tumpe ofisi yako?"

Hapo kicheko kikageuka. Bwana Projestus akapiga meza, akasema jambo hilo litaangaliwa na kikao kimefungwa, akatoka bila kumtazama mtu. Brightson alipita mbele ya Vaileth mikono ikiwa mfukoni.

"Umeniua, shemeji."

"Leo ndiyo umesema kweli kwa sauti ya mwanamume," akamjibu. "Aliyekufa hasemi."

Wiki ikapita, jambo halikuangaliwa. Brightson hakupewa kiti, na Vaileth hakuondolewa ukaimu. Tangazo jipya likabandikwa: chuo kinatafuta mkuu wa idara ya Historia, mwenye uzamili, ikiwezekana kutoka nje ya nchi. Vaileth alilisoma amesimama, kisha akalibandua, akaingia nalo ofisini kwa Bwana Projestus bila kubisha hodi, akaliweka mezani, na juu yake akaweka tasnifu yake, nzito, ya jalada jeusi.

"Isome," akasema. "Ukimaliza, uniite mkuu wa idara au unifukuze. Kaimu nimekataa."

Akatoka. Funguo hakuziacha.