Tela Lililosomeka Tupu

Mchana kweupe, nimekaa mbele ya skrini yangu, nikaona tela lisilo na kichwa linatikisika.

Halikufungwa kwenye gari lolote. Halikuwa na dereva. Lilikuwa limeegeshwa safu ya mwisho kabisa, kule ukutani, milango imekomewa.

Kwenye ramani lilikuwa kitone cha kijani. Kikawa chekundu. Kikarudi kijani. Kikawa chekundu tena.

Msimamizi wa yadi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai mkononi. Akakitazama kile kitone bila kupepesa. Halafu akanyoosha mkono, akazima skrini.

"Huyo mwache."

"Huyo nani, mzee?"

Akatoka na kikombe chake, chai inamwagikia viatu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkasema dada wa watu kachanganyikiwa.

Mimi ni fundi wa vifaa vya kufuatilia mizigo. Nililetwa pale ili yadi iache kuishi kizamani. Ilikuwa yadi kubwa, imejaa yale matela marefu yanayovutwa na vichwa vya malori. Kabla yangu, dereva akija kuchukua tela lake anaambiwa "lipo kulee", basi anazunguka juani mpaka soli zinaomba poo.

Kazi yangu ilikuwa kufunga kidude kidogo kwenye kila tela. Kidude kinasema tela liko wapi, lina mzigo au tupu, mlango wazi au umefungwa, na kama kuna kitu kimeligonga, ndipo kitone chake kinakuwa chekundu.

Kulikuwa na dereva wa humohumo ndani, kazi yake kuhamisha matela kutoka safu hii kwenda ile. Tulimwita Chura, maana kigari chake kilikuwa kinaruka kila akibadili gia. Huyo nilimpa tableti. Inamwambia hamisha hili, weka pale.

"Dada Mtandao," akaniambia, "umenipa ubongo wa mkononi. Huu wa kichwani nitaupumzisha sasa."

Tulicheka mpaka machozi.

Na alikuwepo Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu pale, ila hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Mwili kiduchu, sauti ya tarumbeta. Kazi yake kufagia matela yaliyoshusha mzigo. Kila asubuhi anachomeka simu yake ofisini kwangu. Mchana anaifuata, tunakula wote, ananisema weee: mbona nimekonda, mbona siolewi, mbona nacheka na Chura.

Sasa, pale yadini, hata kabla hujaonyeshwa choo kilipo, unaambiwa habari za Mgongaji.

Zamani, utingo mmoja kijana aliingia ndani ya tela kujipumzisha, milango ikafungwa. Alikutwa amekufa. Tangu hapo, wakasema, anagonga. Leo tela hili, kesho lile.

"Ukimsikia usifungue," Chura alinionya, na uso wake haukuwa na utani. "Sema 'Pumzika, Mgongaji', ushike hamsini zako. Ukifungua, yeye anatoka, wewe unabaki."

Nilijua ni bati. Bati likipigwa na jua linatanuka, linalia. Nikawaambia. Wakanitazama kama mtoto.

Mzaha mzaha hutunga usaha.

Turudi siku ile.

Msimamizi alipotoka nikawasha skrini tena. Kile kitone kilikuwa bado kinabadilika, ila sasa polepole. Chekundu. Kimya kirefu. Chekundu.

Nikajiambia ni kifaa kibovu. Nikageuka kuchukua bisibisi.

Hapo ndipo nikaona simu ya Shangazi. Ipo palepale kwenye chaja, imejaa chaji zamani. Na saa ya chakula ilikuwa imeshapita.

Nikapiga kwa mlinzi wa getini. "Shangazi katoka?"

"Hajatoka. Kwani hamko naye huko?"

Nikarudi kwenye skrini, nikafungua safari za lile tela. Asubuhi lilikuwa sehemu ya kusafishia. Kisha Chura akalihamisha hadi ukutani. Pembeni yake maandishi yangu mwenyewe, yale niliyoyachagulia rangi nzuri: TUPU. MLANGO UMEFUNGWA.

Nikatoka mbio.

Jua lilikuwa linachoma. Karibu na safu ya mwisho wapakiaji walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha tela moja, wanapiga soga.

"Dada Mtandao, mbio za wapi? Usiende huko, leo kaamka vibaya."

"Nani?"

"Si huyo. Tangu asubuhi anagonga tu. Leo mpaka kulia alikuwa analia."

"Mkafanya nini?"

Wakatazamana.

"Tumemwambia apumzike."

Sikusubiri. Nilifika kwenye tela, nikabandika sikio kwenye bati, likaniunguza. Kimya. Nikagonga kwa kiganja.

Kutoka ndani, chini kabisa, karibu na mlango: *ko.*

Nikalivamia komeo. Halikusogea. Nikapiga kelele, hakuna aliyenyanyua mguu. Kigari cha Chura kikaja kikiruka, naye akashuka mikono juu.

"Dada, usifungue! Nakuomba!"

"Asubuhi uliangalia ndani kabla ya kufunga?"

Akaitazama tableti. "Iliandika tupu."

"Uliangalia?"

Zamani, kabla yangu, alikuwa anachungulia mpaka mwisho na kuita, "Kuna mtu?" Alinisimulia mwenyewe. Sasa nikaona jambo lilipomwingia. Tableti ikamponyoka. Alilivaa lile komeo kwa bega, mara moja, mara ya pili, likaachia.

Hewa iliyotoka mle ilikuwa kama ya tanuri.

Shangazi alikuwa amelala ubavu, midomo imepasuka, ameshika mpini wa fagio. Upande wa ndani wa mlango ulikuwa umejaa alama za ule mpini.

Alikuwa anapumua.

Tulimpeleka kivulini, tukamlowesha maji. Watu wakajaa, wote wamenywea. Akafumbua macho, akanitazama kwa huruma, huruma ya mtu mzima kwa mtoto, akauliza kwa sauti iliyokwaruza:

"Na wewe umekufa lini, mwanangu?"

Tukasema joto limempanda kichwani.

Halikuwa joto.

Alipopata nguvu hospitalini nilienda kumwona, msimamizi akaomba twende wote. Nikamuuliza, "Shangazi, siku ile kwa nini uliniuliza vile?"

Akakunjakunja shuka.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikabaki kugonga. Wakaja watu. Nikawasikia, sauti nazijua mojamoja. Nikasema, Mungu mkubwa, nimepona. Mmoja akasema, 'Pumzika, Mgongaji.' Wakaenda zao. Wakaja wengine, wakasema vilevile. Sasa watu wazima, wanaonijua, wote wanasema mimi ni marehemu. Mimi ni nani nibishe? Nikasema kumbe ndivyo mtu anavyokufa, huambiwi. Nikakaa chini, nikawa nagonga tu kwa mazoea."

Akamgeukia msimamizi.

"Na sauti yako ilikuwemo, baba."

Msimamizi akainuka, akatoka. Nilimkuta kwenye korido amekaa sakafuni, mzee mzima, mgongo ukutani.

"Wewe umesimuliwaje habari za Mgongaji?" akaniuliza.

"Kwamba alikufa ndani ya tela, ndipo akaanza kugonga."

Akatikisa kichwa.

"Alianza kugonga kwanza."

Sikumwelewa.

"Mwanangu, tulimsikia kabla hatujamkuta. Tela lilikuwa limeingia tu, milango imefungwa, makaratasi yanasema halina kitu. Likaanza kugonga. Tukaogopa. Mmoja akasema mzimu, sote tukashika hapohapo. Siku ya pili kimya. Lilipofunguliwa kwa ajili ya mzigo, ndipo tukamwona."

"Na kugonga kwa baadaye?"

"Bati. Kama ulivyosema wewe. Nimejua siku zote kwamba ni bati." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini ukisema mzimu unagonga, hakuna atakayekuuliza kwa nini hukufungua."

Pale yadini hapakuwahi kuwa na maiti inayogonga. Waliogonga wote wawili walikuwa hai.

Baada ya siku chache aliniomba nimsindikize kwa mama wa yule kijana. Alisema peke yake miguu itagoma getini.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, imefagiliwa vizuri. Yule mama alikuwa kwenye cherehani, anapinda pindo la pazia. Alitupa viti, akatuletea maji, akamuuliza msimamizi hali ya watoto. Alimkumbuka. Msimamizi ndiye aliyeongozana na jeneza.

Msimamizi akamweleza yote. Hakujitetea hata neno moja.

Mama aliiondoa miguu kwenye pedali ya cherehani.

"Mlipomleta," akasema, "mliniambia alifariki usingizini. Hakujua kitu. Miaka yote hii ndilo jambo moja nililokuwa namshukuru Mungu kwalo."

Msimamizi akashuka kwenye kiti, akapiga magoti. "Mama, nisamehe."

"Aligonga mpaka lini?"

Msimamizi akanigeukia mimi, kama vile ningekuwa na skrini ya siku ile. Sikuwa nayo.

"Mpaka giza lilipoingia," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu, anahesabu kitu moyoni mwake. Hakulaani. Hakusamehe pia. Aliinuka, akatufungulia mlango, akasimama kando tupite.

Nyuma yetu hatukusikia kilio. Tulisikia cherehani ikianza, ikisimama, ikianza, ikisimama.

Siku hizi mfumo wangu haukubali tela lifungwe mpaka dereva apige picha ya ndani hadi mwisho. Chura anapiga picha, halafu bado anaingiza kichwa anaita, "Kuna mtu?" Wageni wanamcheka. Msimamizi aliacha kazi. Shangazi yupo, ila hafagii tena matela. Anakaa mapokezi, na mlango ule haufungwi hata mvua ikinyesha.

Mimi nimebaki na lile swali. Je, tulimtendea haki yule mama, au tulimuua mwanawe mara ya pili? Kuna usiku najibu hivi, kuna usiku najibu vile.

Ninachojua ni hiki, nawaachia. Mashine itakuambia tupu, na watu watakuambia mzimu. Wote wanaweza kukosea, tena kwa nia njema kabisa. Ukisikia kitu kinagonga, fungua kwanza. Kama ni bati, utapoteza dakika. Kama ni mzimu, basi utajua la kumwambia.

Lakini kama ni mtu, mwenzangu, anazisikia hatua zako zikiondoka.