Kiwango cha Umande cha Mwalimu Kathuri

Salesio Kathuri alifundisha shule ya msingi huko juu Kibirichia, mlimani Meru, ambako viazi humea vizuri na sakitu, ile baridi inayoganda alfajiri, huviunguza vizuri zaidi. Alikuwa mwembamba, mwenye koti moja la kijivu na imani kubwa mno katika chaki. Nyuma ya darasa la saba alijenga kisanduku cheupe cha mbao chenye miguu mirefu, akatia ndani kipimajoto na kipima unyevu wa hewa, na kila saa kumi jioni alivisoma kwa unyenyekevu ambao padri wa parokia angeuonea wivu.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Toa unyevu kwenye mia, kilichobaki ugawanye kwa tano, kisha jibu hilo ulitoe kwenye nyuzi za joto. Utapata kiwango cha umande, yaani ile baridi ambayo hewa ikiifikia huanza kuacha maji juu ya majani. Hewa ikishafika hapo haiendelei kupoa kwa kasi, kwa hiyo kiwango cha jioni kilimdokezea usiku utakuwaje. Kikizidi nyuzi nne, watu walale. Kikipungua, wafunike viazi kwa nyasi kavu kabla jua halijazama. Miaka mitano hakukosea hata mara moja, na mtu asiyekosea miaka mitano kichwa huanza kumvimba.

Ikaja Februari ya mwaka wa 1984, mwaka wa ukame. Mvua zilikuwa zimegoma, na mlima ulionekana mweupe na wazi kutwa nzima, bila hata wingu la kuazima. Bondeni, kando ya kijito, Igoki alikuwa na kishamba cha viazi alichokinyweshea kwa debe. Igoki alikuwa mjane wa Mithika, kaka yake Kathuri. Viazi hivyo vilikuwa chakula cha watoto wake watatu, Karimi na wadogo zake, na mbegu ya mvua za Aprili, kama zingekuja. Hakuwa na vingine. Alikuwa pia na ng'ombe mmoja mwenye mimba, mbavu nje, na rundo moja la nyasi kavu. Nyasi hizo zingeweza kufunika viazi au kulisha ng'ombe. Kufanya yote mawili hazikutosha.

Jioni moja alipanda hadi shuleni kumuuliza shemeji yake. Alisema siku tatu mfululizo ametoka alfajiri kuteka maji na miguu yake hairudi na umande, nyasi ni kavu tu, na hali hiyo inamtia hofu ya sakitu. Alitaka kufunika. Kathuri alisoma vipimo vyake mbele yake, pole pole, maana walimu wenzake wawili walikuwa wakitazama. Joto nyuzi ishirini na moja. Unyevu ishirini kwa mia. Themanini ugawanye kwa tano, kumi na sita. Ishirini na moja utoe kumi na sita.

"Tano," alisema. "Mama Karimi, miguu haina namba. Hizo nyasi mpe ng'ombe."

Akampa.

Asubuhi kishamba kizima kilikuwa cheusi, majani yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Kathuri aliposhuka alimkuta Igoki akishika shina baada ya shina, kana kwamba moja lingemjibu tofauti. Igoki hakumlaumu. Jumapili alisimama kanisani akaungama kwamba alimtanguliza ng'ombe mbele ya watoto, na Mungu ameona. Kathuri alikuwa kiti cha nyuma, akitazama viatu vyake. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikumtosha kusimama.

Wiki iliyofuata alikwenda Meru mjini na daftari lake, kwa mama mmoja aliyeitwa Celina, mtumishi wa idara ya hali ya hewa. Celina alifungua jedwali, akaandika kwa penseli, akamwonyesha. Kiwango cha kweli kilikuwa chini ya sifuri kwa karibu nyuzi tatu.

"Hii hesabu ya kugawanya kwa tano ni ya hewa yenye unyevu, mwalimu," alisema. "Unyevu ukishuka chini ya hamsini, hiyo inakudanganya tu."

Kibaya ni kwamba Kathuri alilijua jambo hilo. Chuoni waliambiwa hivyo hivyo, naye hakuliandika, kwa sababu kwao ni nchi ya ukungu na hakuona hewa kavu ingetokea wapi. Hesabu ndefu, ile ya kweli, aliijua pia. Ila jioni ile aliiona ndefu mno kuifanya mbele ya watu.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Igoki. Alimkuta akichimbua vile viazi vidogo kama gololi vilivyokuwa chini ya mashina yaliyokufa, avipike kabla havijaoza. Alimweleza yote: ule mpaka wa hamsini, chuo, wale walimu wawili. Alimwambia Mungu hakuhusika, na kwamba miguu yake ilisema kweli. Alidhani anampunguzia mzigo.

Igoki alisikiliza mpaka mwisho bila kuinuka.

"Jambo hili nilikuwa nimeshamwachia Mungu," alisema. "Nilikuwa nimeanza hata kulala. Sasa kumbe ni wewe, Mwalimu. Wewe nitakuachiaje?"

Kisha akaendelea kuchimbua, na Kathuri, asijue pa kusimama, akapiga magoti kwenye tuta la pili akaanza kutafuta naye. Walipomaliza kishamba kizima, sufuria haikuwa imejaa.