Rangi Haiombi Radhi

Miaka ishirini na tisa alishona sare za shule, na sare za shule hazina utani. Sketi za kijivu, mashati meupe, kaptura za kijivu, kisha sketi za kijivu tena. Karakana yao ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani sita, meza moja ya kukatia, na pasi nzito iliyolindwa na shoga yake, ambaye walimwita Pasi kwa sababu hakumruhusu mtu mwingine kuishika. Yeye mwenyewe walimwita Tausi, maana humo ndani kitu pekee chenye rangi kilikuwa kope zake.

Jumatatu aliingia na samawati. Kesho yake zambarau, au kijani kibichi, au manjano ya kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Siku akiamka na hasira alipaka damu ya mzee, na hapo hata msimamizi alimwamkia kwa adabu. Wenzake walibahatisha rangi kabla hajafika, na aliyekosea ndiye aliyechemsha chai. Pasi, maskini, aliichemsha chai hiyo mpaka mikono ikazoea.

"Rangi yote hii ya nini, shoga, na kutwa umeinamia cherehani?" Pasi alimuuliza siku moja.

"Ndiyo maana napaka. Nikiinama ndipo mnapoziona kope."

Wasichana wapya walipomwomba awafundishe, aliwaambia ni kama mkasi. Ukishaingia kitambaani usisite katikati, ukisita utaacha meno. "Paka mpaka mwisho, halafu inua uso. Rangi haiombi radhi." Siku hizi, akikaa peke yake sebuleni, husikia zile cherehani sita zikipokezana, na huikumbuka hata harufu ya mvuke wa pasi. Ameikumbuka sana karakana ile. Ilifungwa, na pale sasa panauzwa matairi.

Lakini kuna siku moja aliyoomba radhi. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na miwili, na ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Tausi alifika getini na kope za feruzi, rangi aliyoipenda kuliko zote. Binti alikuwa anamsubiri, macho chini.

"Mama, naomba ufute. Wananicheka. Wanasema mama yangu ni kinyago."

Tausi akatoa kitambaa cha mkononi, akafuta papo hapo, akaingia. Darasani mwalimu alimtazama, akamtazama tena.

"Karibu. Wewe ni shangazi yake, siyo? Mama yake namjua, yule wa macho."

Tausi alimwangalia binti yake. Binti aliangalia dawati. "Ndiyo," akasema Tausi, "ni shangazi."

Pasi aliposikia alivuta mdomo. "Mkataa kwao ni mtumwa."

"Mwache. Ana miaka kumi na miwili, bado hajajua kwao ni wapi."

Alisema hivyo, lakini iliuma, na hakukanyaga tena shuleni. Karakana ilimwona na rangi zake kesho yake kama kawaida. Yeye na binti hawakuizungumza siku ile, hata binti alipokuwa mtu mzima mwenye kazi yake na nyumba yake, akija kila Jumapili na mkate mkononi.

Ni Jumapili mojawapo ya hizo binti alipoziona sketi. Tausi bado hushonea majirani nyumbani, na alikuwa amemaliza sketi kumi na mbili za kijivu. Zote mapindo yake yalikuwa ya uzi wa zambarau.

"Mama, hizi umezishona au umezipaka?"

Tausi alizishika, akazisogeza dirishani. Yeye aliona kijivu tupu. Walipokwenda kliniki, daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena jicho la kulia limeiva, lifanyiwe upasuaji upesi.

"Basi nimepata wa pili," Tausi akamwambia daktari. "Wa kwanza alinifutisha rangi, huyu wa pili amezificha kabisa."

Daktari alicheka. Binti hakucheka.

Muuguzi akawaeleza masharti: asubuhi ya upasuaji uso uwe mtupu, bila wanja, bila chochote kwenye kope. Tausi aliitikia, lakini usiku ule hakupata usingizi. Upasuaji wenyewe haukumtisha. Aliogopa kupita tena mlangoni na uso mtupu, awe shangazi wa mtu. Na aliogopa kwamba wakishamfungua jicho, rangi zisirudi. Mtu anaweza kuishi bila vingi, lakini yeye angeishi vipi katika dunia ya sare za shule?

Alikwenda na uso mtupu, na binti alimshika mkono mpaka mlango wa ndani. Asubuhi iliyofuata wakarudi kliniki kufunguliwa bandeji. Binti alikuja na miwani myeusi, akasema jua kali.

Muuguzi alibandua pamba taratibu. "Fungua jicho, bibi. Usiwe na haraka. Unaona nini?"

Mwanzo ulikuwa mwanga tu. Kisha ukuta, na ukuta ulikuwa mweupe kweli. Kisha mtu aliyesimama mbele yake akivua miwani, na kwenye kope za mtu huyo ilikuwa feruzi, imepakwa vibaya, upande mmoja nzito, upande mwingine imeishia katikati.

Tausi alisogeza uso karibu. "Naona feruzi," akasema. "Na aliyepaka alisita."

"Nilisita, mama. Lakini sikufuta. Nimetoka nayo nyumbani, nimepita nayo barabarani mpaka hapa."

Muuguzi alimgeukia binti, kalamu juu ya fomu. "Samahani, wewe ni nani wake?"

"Huyu ni mama yangu," binti alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mabenchi ya nje. "Mimi ndiye mtoto wa Tausi."

"Ndiye," Tausi akasema. "Wa jicho mmemtoa. Huyu ndiye niliyebaki naye."

Akalowesha kidole gumba. "Hebu inama, mwanangu. Fumba macho nikumalizie."