Chuma cha Mlango wa Zizi

Ukoo wetu una imani moja ambayo hakuna dini iliyowahi kuitikisa: aliyesoma chuo kikuu anajua kila kitu kinachotumia betri. Ndiyo maana majuzi mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alinivuta hadi kwenye duka la vifaa vya wachimbaji hapa Singida Mjini nimchagulie mashine ya kutafutia hela za kale. Mimi nina shahada mbili za historia, na redio ya gari langu bado inanishinda.

Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi kuliko bidhaa, alitusimamisha mbele ya fimbo ndefu zenye sahani mwishoni, zimening'inizwa ukutani.

"Shikamoo mzee. Kwanza niambie, udongo wa huko ukoje? Maana mashine ni kama viatu. Mbugani kwenye mfinyanzi unataka sahani kubwa, isikie chini zaidi. Kwenye mawe, sahani ndogo ipenye. Na ukiipeleka ufukweni mwa Ziwa Singidani bila kuirekebisha, chumvi itailiza kutwa nzima kama ndama aliyetengwa na mama yake."

Udongo wa huko ukoje. Nilifungua mdomo nijibu kisomi, nikajikuta nimeshafika kwa bibi, upande wa Mtinko, nimevaa kaptula iliyochanika nyuma.

Rafiki yangu, usiniulize kama utoto wangu ulikuwa wa amani. Tembe ya bibi ilijibanza chini ya mawe makubwa ya kijivu, na ukifumba macho utasikia harufu ya samadi inayokauka, mlenda unaochemka, na uwele uliotoka kutwangwa. Ila kwetu kila kitu kizuri kilianza na kipigo. Uwele ulipigwa magongo mpaka uachie punje. Alizeti ilipigwa. Mgeni alipofika, jogoo alifukuzwa kwa mawe, akakatwa kichwa, akaruka bila kichwa akitunyunyizia damu, nasi tukashangilia kwa sababu jioni kungekuwa na mchuzi. Kule kisimani madume ya ng'ombe yalipigana hadi pembe kung'oka, na wachungaji wakubwa walitupambanisha sisi wadogo wenyewe kwa wenyewe ili wasikae bure. Mwalimu wetu aliamini hesabu huingilia matakoni. Hadi leo nikisikia saba mara nane, hujikaza kabla sijakumbuka jibu.

Juu ya hayo yote, tulikuwa na hadithi ya rupia. Babu mzaa babu alikuwa mpagazi wa Mjerumani. Ilisemekana alilipwa kwa rupia za fedha, akazitia kwenye kibuyu, akakifukia mahali fulani pale nyumbani kwake, kisha akafa bila kusema. Kila ukame ulipouma, hadithi ile ilinenepa. Mwaka ambao ng'ombe wetu walianza kuanguka mmoja mmoja, rupia zilikuwa zimeshajaza mitungi.

Ndipo baba mdogo alipomleta mtu wa waya. Alitoka machimboni, kofia imekaa upande, mkononi nyaya mbili za shaba zilizopindwa. Alizishika kama anayechunga mbuzi wasioonekana, akazunguka tembe, akapita kwenye mawe, akarudi. Kwenye mlango wa zizi nyaya zikakutana.

Bibi alikuwa anapepeta uwele. Aliutupa ungo, nafaka ikamwagika kwa kuku, akaja kuketi palepale nyaya zilipokutana, miguu ameinyoosha mbele.

"Chimbeni kwanza haya mapaja," alisema.

"Mama, toka hapo," akasema baba mdogo. "Unakalia utajiri."

"Nimekalia kitu msichokijua."

"Basi kitaje!"

Hakukitaja. Hapo ndipo penye kosa la watu wa kwetu: vitu vya aina ile havitajwi mchana, tena mbele ya mgeni. Tunamwachia mtu aelewe kwa kuona mzee amekaa chini. Baba mdogo hakuelewa. Alimshika mama yake makwapani, akamsogeza kama gunia. Wanawake wakapiga yowe. Jembe likashuka.

Halikuchukua muda, likagonga chuma. Walitoa kichwa cha shoka kilicholiwa na kutu, hakina mpini. Bibi alijifunika kanga usoni, akaanza kulia kilio cha msiba. Baba yangu, aliyekuwa amesimama kando bila kuamua, alibadilika rangi. Yeye kama mtoto wa kwanza aliwahi kuambiwa: babu na ndugu yake walikatana siku moja kwa ajili ya ng'ombe wa mahari, wakaponea chupuchupu, na wazee wakalifukia lile shoka pale, kila ng'ombe akitoka na kuingia alikanyage. Msemo wao ulikuwa huu: chuma kilichoonja damu ya ndugu hakilimi shamba.

"Kirudishe," baba akasema.

"Shoka ni mlinzi tu," akadakia mtu wa waya. "Mali iko chini yake."

"Umemsikia?" Baba mdogo alicheka. "Kaka anataka turudishe, halafu aje achimbe peke yake. Si ndiyo, kaka? Mlafi wewe!"

Baba alimnyang'anya jembe. Nilidhani analitupa. Alilizungusha, na sikio la kushoto la baba mdogo likaanguka kwenye samadi kama ganda la karanga. Sikumbuki kelele, nakumbuka kuku mmoja alilisogelea, na mama akampiga teke. Baba mdogo, damu zikimchuruzika hadi kiunoni, aliokota lile shoka lisilo na mpini, akampiga baba begani. Nilisikia mfupa. Walianguka wote shimoni wakinyongana, na majirani walipowatenganisha ilibidi wavunje vidole vya mmoja ili aachie koo la mwenzake. Mtu wa waya alitimua mbio, wanawake nyuma yake na michi ya kutwangia. Nasikia walimpata.

Wazee walichinja mbuzi wa upatanisho. Ndugu wale wawili walisimamishwa kila mmoja upande wake wa shimo, wakapakwa uchafu wa tumbo la mbuzi kifuani. Shoka likarudishwa, na safari hii jembe likawekwa juu yake. Bibi mwenyewe alikanyaga udongo mpaka ukalala. Hakuna aliyeuliza tena habari za kibuyu. Toka siku ile mashati yote ya baba yaliinamia upande mmoja, na baba mdogo alivaa miwani yake kwa kamba. Walizeeka wakinywa togwa kibuyu kimoja. Sasa wamekufa wote.

"Mzee?" Muuzaji alikuwa bado anangoja udongo wangu.

"Mwekundu," nikamwambia. "Una mawe. Na una chuma."

"Basi hii hapa! Chuma inakinyamazia kabisa. Inalia kwa fedha na shaba tu."

Mdogo wangu, mwenye masikio yake mawili mazima, aliikumbatia. Anataka rupia, watoto wake wanasoma, na mvua imemnyima tena. Mimi simcheki. Lakini mwaka jana nilikwenda kule. Tembe imeanguka, zizi limekuwa shamba la alizeti, na yale mawe yetu yamepasuliwa kokoto. Nilisimama katikati sikujua mlango wa zizi ulikuwa wapi.

"Nataka inayosikia chuma," nikasema. "Iwe na sauti yake, tukitambue."

"Mzee, wateja wote wanaikimbia hiyo. Utachimba misumari mpaka ukome."

"Kaka, anasema kweli," mdogo wangu akaanza. Kisha akanitazama, na mkono wake ukapanda wenyewe kulishika sikio la kushoto. Aliirudisha ile mashine ukutani taratibu.

"Kwani mnatafuta nini hasa?" muuzaji akauliza.

"Kwanza mahali pa kutochimba," akajibu mdogo wangu.

Kijana alicheka, akadhani ni utani wetu wa Kinyaturu, akatufungia ile yenye sauti mbili na betri za akiba. Tukatoka juani tumeibeba. Zamani hatukuhitaji betri. Tulikuwa na mwanamke mmoja aliyejua pa kuketi.