Shikamoo kwa Kinyago

Enzi zile za ruksa, mitumba ilipojaa Mwanza nzima, padre mmoja Mtaliano alitufundisha vichekesho vya kwao pale ukumbi wa parokia, Ilemela. Mwigizaji anavaa kinyago cha ngozi kinachoishia juu ya mdomo. Maneno hupewi. Padre anabandika mpango wa hadithi nyuma ya pazia, mengine unajitungia mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi, na nasema bila haya kwamba nilikuwa mzuri kuliko wote. Ndiyo maana nilipewa nafasi ya mzee bahili, tajiri mwenye pua ndefu.

Aliyeigiza mtumishi wangu alikuwa fundi cherehani mmoja wa miaka sitini na kitu, mtu anayekuchekesha hata akiwa anatunga uzi. Tatizo lilikuwa moja tu. Mpango ulisema mtumishi aingie amwamkie bwana wake, na bahili, kwa ubahili wake, amnyime hata marahaba. Fundi alikataa katakata.

“Mimi nimwamkie huyu binti? Labda nikishakufa.”

Padre akasema si binti, ni kinyago.

“Na ndani ya kinyago yumo nani?” mzee akamuuliza.

Iliniuma sana. Nilitaka anione bwana, siyo mtoto wa jirani.

Tulicheza mara ya kwanza Magu. Akaingia na fagio lake, akasimama, akanitazama tu. Na mimi, bingwa wa kujisifu, mazoea yakanishinda.

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, akakalia kiti changu na kunikabidhi fagio. Watu walivunjika mbavu. Nilifagia jukwaa zima kwa hasira, na padre anapiga makofi.

Kwenye kivuko cha kwenda Sengerema sikumsemesha. Nilijiapiza kwamba leo, hata anikodolee macho mpaka kesho, sifungui mdomo. Alipoingia jukwaani, nikakohoa kikohozi cha baba yangu, nikaficha kipande changu cha muhogo asikione, nikamgeuzia mgongo. Kisha nikasikia fagio likiwekwa chini.

“Shikamoo, bwana.”

Nilifurahi mpaka machozi yakaloanisha ngozi ya kinyago. Ulimi ulitaka kuitikia, malezi ni malezi. Nikaubana kwa meno, nikatafuna muhogo wangu.

“Mzee gani wewe, huitikii?” akina mama wakaanza kunizomea.

Nikageuka. Fundi alikuwa bado ameinama, anangoja marahaba yake, na mimi sikumpa.