Mfalme Mwenye Mto Mgongoni

Hasira zangu hazipigi kelele. Nacheka, napika chai, nasaidia watu kubeba mizigo kwenye ngazi, na moyoni naendelea kupanga. Kwa prezida, kiongozi wa kwaya yetu, nilipanga karibu mwaka mzima.

Kabla yake kwaya ilikuwa ya mama yangu. Aliifundisha tangu tulipokuwa familia chache tu za kutoka Kivu, tukiimba kwenye chumba cha chini cha kanisa tulichopangishwa na Waswidi huko Tumba, Uswidi. Halafu mama akafanyiwa upasuaji wa goti. Aliporudi na magongo yake alikuta prezida mpya, mwenye viatu vya ncha na leso ya jasho iliyokunjwa kama bahasha. Alikuta pia yeye mwenyewe ameshapewa sifa mpya: kwamba ni mkali kupita kiasi, na kwamba aliwafukuza vijana wawili waliokuwa na sauti bora kuliko wote. Vijana wenyewe ni watoto wa dada yake mama. Prezida aliyasema hayo mbele ya watu, kwa upole, akijifuta jasho. Mama aliacha kwenda kanisani, akawa anaimba jikoni kwetu tu, mtaa wa Farsta, tena chinichini, kama mtu anayeogopa majirani.

Binamu zangu hawakufukuzwa na mtu. Jumapili wanacheza mpira, basi. Lakini nani aliwauliza?

Mimi shule sikufika nayo mbali. Naosha vyombo kwenye jiko la shule moja, na mpishi wetu huacha redio wazi kutwa. Ndipo siku moja nikamsikia mfalme wangu. Mfalme wa Uingereza, wa zamani sana, aliyetawala muda mfupi akauawa vitani. Kwa mamia ya miaka walimwita kibyongo, mtu mwenye roho ya giza, muuaji wa watoto wawili wa kaka yake waliofungiwa mnarani wasionekane tena. Halafu mifupa yake ikafukuliwa chini ya maegesho ya magari. Mgongo ulikuwa umepinda upande, ndiyo, lakini nundu hakuna. Na waliomsimulia ubaya, akasema mtu wa redioni, wengi walikula mezani kwa wale walioshika taji baada yake. Sheria zake nzuri za mahakamani, zile za kuwalinda watu wa chini, hao hawakuzitangaza.

Nilisimama na sahani mkononi, maji yanatiririka. Watoto wawili waliopotea! Mtu huyu nilikuwa namjua. Nilimwacha nyumbani asubuhi ile, anakanda goti lake kwa maji ya moto.

Kila sikukuu ya vijana kanisani tunatoa igizo. Niliomba niliandike mimi. Mfalme angeingia na mto ndani ya shati, nundu ya uongo waliyombandika, na kwenye vita vya mwisho angeuchomoa na kusimama wima. Mnyang'anyi wa taji angetembea na viatu vya ncha na leso iliyokunjwa. Kisha mlango ungefunguka, wale wawili waliopotea, yaani binamu zangu, waingie wakiwa hai, na prezida atafute pa kuficha uso. Aibu yake niliiota kwenye treni kila asubuhi, natabasamu peke yangu.

Mama alikataa kuja. "Mimi pale niende kufanya nini?" Nikamwambia mfalme ni mimi. Akaja. Akakaa nyuma kabisa, karibu na makoti, sufuria ya sombe, majani yetu ya muhogo, miguuni, maana mama haendi popote mikono mitupu.

Sasa, kuna jambo sikulifikiria. Kwenye maigizo yetu, tangu kule nyumbani, anayeingia na mto ndani ya shati ndiye mbaya. Ni mchawi, au tajiri mlafi, au shetani mwenyewe. Hata mtoto wa kunyonya anajua. Nilipotokeza tu, mama mmoja wa mbele akapaza sauti: "Ee! Huyu tumeshamjua!"

"Mimi ni mfalme mwema," nikasema.

"Muongo huyo! Muangalie mugongo!"

Kicheko. Adui yangu wa igizoni alipoingia na leso yake wakamshangilia. Na prezida? Alikuwa anajipiga mapaja kwa furaha. "Huyo ni mimi kabisa!" anamwambia jirani yake. "Hata kutembea!" Nilipouchomoa mto wakadhani pepo limetoka, wakaitikia amina. Nikalia, jamani. Machozi ya kweli, na watu wakasifu ninavyoigiza.

Mlango ukafunguka, binamu zangu wakaingia. Ukumbi mzima ukasimama. Prezida akawahi maikrofoni. "Tuseme haleluya! Waliofukuzwa wamerudi!"

"Nej, nej," akasema mdogo wao, hapana ya Kiswidi, akikung'uta theluji mabegani. "Nani amefukuzwa? Sisi ni mpira tu, papa. Leo uwanja umejaa theluji, mechi imeahirishwa."

Kisha wale wamama wa mbele wakageuka, mmoja mmoja, kumtazama prezida. Sasa mto ulikuwa mgongoni kwake.

Hakuna aliyejua kinachofuata. Mimi mwenyewe maneno yalikuwa yameniishia. Igizo likikwama, kwetu mtu huanzisha pambio, na safari hii pambio lilitoka nyuma, kwenye makoti.

Sauti ya mama. Kwaya iliitikia kabla ya kufikiri, kila mmoja kwenye sauti aliyofundishwa. Prezida akakimbilia kinanda. Lakini mama alikuwa ameanzia mahali ambapo kinanda hakifiki, katikati ya vibonye viwili. Prezida akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akapandisha, akashusha. Mama alimwona. Angeweza kumsogelea kwa sauti kidogo tu. Hakusogea. Mwishowe prezida akaondoa mikono, akatoa leso.

Watu walipokwenda kula, mama hakuifungua sufuria. Walikula wali mkavu. Prezida akamfuata pale kwenye makoti.

"Mama, Alhamisi tuna mazoezi. Tunakuhitaji."

"Goti linaniuma," mama akasema. "Nibebee kwanza hii mpaka kituoni."

Akaibeba, imejaa mpaka juu, na barafu ya Tumba haipendi viatu vya ncha. Mimi nilifuata nyuma polepole. Kama yule mfalme aliwaua wale watoto au hakuwaua, sijui, na redio nayo haikujua. Wetu wawili walikuwa mbele yetu wanarushiana theluji.

Treni ikaonekana inaingia. Mama hakuongeza hata hatua.

"Tutapanda inayofuata," akasema, na prezida akaendelea kuishikilia sufuria.