Lori Lililofunguliwa Minyororo

Juzi, hapa ughaibuni Croydon, mjukuu wangu alikuwa akipakia minyororo ya matairi, anakwenda kwenye milima ya theluji Ufaransa. "Bibi, bila hii polisi wa huko wanakurudisha." Ana akili, amenifuata mimi.

Sisi Lushoto tulikuwa na tope. Baba alifunga minyororo kwenye magurudumu ya lori ili lisiteleze mlimani. Mimi, nikisikia inavyolia, nilidhani lori limefungwa kama mwizi.

Alasiri moja ya mvua, tajiri wake aliichukua ile minyororo akaifunga kwenye lori jingine.

"Leo usishuke, Baba Zaina," mama akasema.

"Kabichi za tajiri zitaoza."

Mimi nikapiga makofi: lori limeachiwa! Likashuka kimya kabisa. Jioni walimpandisha baba kwa machela, ananuka kabichi na dizeli, na mama akamfunika uso kwa khanga yake.